Safari ya Mwalimu Nyangwine Kwenda Kuheshimiwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Majina yametoka. Dada Petronila, mwenyekiti wetu wa wahitimu wa Idara ya Elimu ya Viungo, ameyaweka kwenye kundi la WhatsApp asubuhi hii. Wahitimu watakaovikwa medali Jumamosi, ukumbini Nyamisangura, mjini Tarime. Nelson yumo. Mimi simo. Nimesoma tena nikidhani simu imekata chini. Simo.

Nelson! Chuoni tulilala kitanda cha deka, mimi juu, yeye chini. Leo anavikwa medali, kisa ametoa wanariadha wawili waliofika ngazi ya taifa. Mimi nafundisha huku Issenye, uwanja ambao ng'ombe hupita katikati ya mechi na refa anawapisha. Nani atatoa mwanariadha hapo?

Ila kuna mlango. Petronila ameandika kwamba kila mwalimu mstaafu atakayeheshimiwa atamtaja mwanafunzi wake mmoja, asimame apigiwe makofi. Na mstaafu mkubwa siku hiyo ni Mwalimu Nyangwine wa Ringwani. Chuo kimeileta sherehe Tarime kwa ajili yake, maana moyo wake haumruhusu tena safari ndefu. Basi. Atanitaja mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda Ringwani kwa bodaboda, na sukari, mkate na sabuni ya mche. Nimemkuta Mwalimu anaota jua. Shikamoo. Marahaba mura, kijana wangu, wewe ni nani? Nikasema Masele. Akawaza, kisha akasema ni yule aliyekutwa amelala kanisani wenzake wakikimbia kuzunguka mlima. Wazee wengine husahau. Huyu hapana.

Binti yake, Scholastica, alicheka mpaka akatua sufuria. Akaniambia kando kwamba tangu baba yake asikie habari ya sherehe, kila jioni anasimama mlangoni kujaribu hotuba. Daktari ameonya asichoshwe. Nikajitolea kumpeleka mwenyewe kwa gari. Scholastica alinishukuru mpaka nikaona aibu kidogo. Haikudumu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata akili. Mzee lazima aone kazi yangu kabla hajapanda jukwaani. Nitampitisha Issenye.

Simioni wa duka la vipuri, mwenye Probox ninayoiazima, amesema Issenye haiko njia ya Tarime hata kwa mlevi. Ukitoka Ringwani, Tarime iko mbele na Issenye iko mgongoni. Nikamjibu kwamba njia ni ya anayeshika usukani. Ameguna, akanipa ufunguo.

Wanafunzi wamefanya mazoezi ya sarakasi, na wimbo wa kunisifu. Nimeutunga mwenyewe, lakini wameuimba kwa moyo wao. Bango limeandikwa: MASELE NI TUNDA LA NYANGWINE. Nelson hajawahi kuwaza kitu kama hiki.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Tulitoka mapema. Mzee kavaa suti ya kahawia na raba nyeupe zilizosuguliwa zikang'aa. Njiani aliuliza mbona milima imehamia upande mwingine. Nikasema tunawapitia watoto kuwasalimu, mara moja tu.

Watoto wakaimba. Mzee akasikiliza kama mtu anayepimwa presha. Kisha kijana wa kidato cha pili akabingiria na kutua kwa shingo. Hapo mzee akavua koti.

Alianza upya kabisa. Mikono iwekwe hivi, kidevu kifuani, mgongo uwe duara. Mmoja mmoja, mstari mzima. Sauti yake ya chuoni ilirudi, ile iliyokuwa inatutoa kitandani. Nilisogea nikakohoa. Akaniambia, mura, ingia mstarini. Nikaingia. Ningefanya nini? Mzee akifundisha humkatizi, tena huyu alinifundisha na mimi. Nikabingiria, suruali yangu ya harusi ikachanika. Kumaliza, wazazi wakaleta ugali wa mtama na kuku, na mgeni mkubwa haondoki kwa watu bila kunawa. Alikula akicheka. Sijamwona na furaha kama ile. Simu yangu ilikuwa garini, Petronila akipiga na kupiga.

Tulifika Nyamisangura viti vinabebwa. Mama mmoja anakunja vitambaa vya meza. Alitueleza kwamba walimngoja, wakasogeza jina lake mwisho, mwishowe Nelson akapokea medali kwa niaba yake. Walimu wenzake waliotoka mbali walikuwa wameshaondoka.

Mzee alisimama mbele ya jukwaa tupu, koti limefungwa vifungo vyote. Akauliza kama Mwalimu Agustina alikuja, maana walifundisha pamoja miaka mingi. Mama akasema alikuja, na alimwulizia sana. Mzee akasema vema. Kisha akaketi kwenye kiti cha mstari wa mbele ambacho walikuwa hawajakiondoa.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Nimejuta, na naandika tena ili nisijidanganye: nimejuta.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kuomba radhi. Mzee amelala, presha imepanda. Scholastica hakunipa kiti. Aliniambia palepale mlangoni, kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Baba yake alikuwa ameshaamua kunitaja tangu Jumanne. Si kwa kazi yangu, kazi yangu hakuijua. Ni kwamba tangu astaafu, katika wanafunzi wake wote, mimi peke yangu ndiye niliyemfuata nyumbani kumjulia hali. Hotuba ilikuwa inaishia kwenye jina langu.

Nimerudi Issenye nyuma ya bodaboda nikilia ndani ya helmeti. Dereva alidhani nimefiwa, akapunguza mwendo.

Jumatano, 13 Agosti

Nelson amekuja shuleni na pikipiki yake. Nilidhani amekuja kunicheka. Hakucheka. Ametoa medali ya mzee mfukoni, akanikabidhi, akasema Jumamosi mzee atavikwa nyumbani kwake, mbele ya ndugu na majirani, na amewaomba wote mimi ndiye nimvike, moyo wangu upate kupoa. Amesema pia mzee amepungua sana, tusichelewe. Nimemshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Miaka yote nimemfikiria vibaya mtu mwema.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeitazama medali tangu jana. Nzito, utepe wa bluu. Si kitu cha kuvalishwa uani, kuku wakipita. Ndugu watapiga makofi kidogo, wataingia kula, imeisha. Hapana. Nimeshamkosea mzee mara moja, sirudii. Safari hii ataheshimiwa kweli.

Mwezi ujao afisa elimu anakuja kukagua shule yetu. Shule nzima itakuwepo, wazazi watakuwepo, na mpiga picha nitamtafuta mapema. Mzee atavikwa mbele ya afisa, mimi nikiwa nimesimama karibu yake.

Nimempigia Scholastica kumweleza kwamba medali itabaki kwangu kidogo. Nilipotaja mwezi ujao, simu ikakatika. Mtandao wa Ringwani ni mbovu. Hata hivyo mzee ataelewa. Ni mtu wa mazoezi, atasubiri.