Mapovu Meupe Juu ya Kichwa cha Mariamu

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya wakwe. Mzee mzima!

Mjukuu wangu Mariamu ameolewa leo baada ya adhuhuri, hapa hapa nyumbani, Biryogo. Walitaka kukodi mpiga picha. Nikakataa. "Wa nini, na mimi nipo? Simu yangu ina macho matatu!" (Mimi mwenyewe nina mawili, na moja lina mtoto wa jicho.) Mama wa bwana harusi amevunjika mguu, yuko kwake Kagarama, hakuweza kuja. Harusi yote angeiona kwa picha zangu tu.

Sebule yetu ina giza, na nilikuwa nimefunga mapazia kwa sababu majirani wa uchochoroni wanapenda kuchungulia. Ndoa ilipokwisha kufungwa, nikaanza kazi. Picha ya kwanza: wote wamejaa chembechembe, kama waliomwagiwa unga wa muhogo. Ya pili: Sheikh, anayeomba dua, ana mikono minne. Nikafuta simu kwa kanzu. Ya tatu: mikono sita! Mbona kwa macho namwona ana miwili?

Nikawasha taa ya simu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Juu ya kichwa cha Mariamu palikuwa na mapovu meupe yanaelea. Nikainua macho: hakuna kitu. Nikatazama simu: yapo.

Kwetu, mzee wa nyumba ndiye anayeshika chetezo. Kilikuwa miguuni pangu, kinafuka. Nikaongeza udi kidogo, kufukuza baya. Nikapiga tena. Mapovu yameongezeka! Nikamwaga udi wote. Sasa yakamzunguka hata bwana harusi, na nyuma ya shangazi yake kukasimama kitu cheupe kama shuka.

Nikapiga kelele: "Tokeni! Nyumba hii ina wageni tusiowaona!"

Sijawahi kuona sebule ikimwagika hivyo. (Mimi ndiye niliyetangulia mlangoni.)

Shangazi wa bwana harusi, fundi cherehani asiyeogopa mtu, alitoka wa mwisho, anakohoa, chetezo mkononi.

"Muzee, jini gani? Iko moshi! Taa yako inapiga moshi, moshi inang'aa!"

"Na mikono ya Sheikh?"

"Si alikuwa anaitembeza? Kwenye giza simu inachelewa kuona. Yewe, ungefungua pazia tu!"

Sheikh naye akanitazama, macho mekundu. "Mzee wangu, na ule moshi wote, nilidhani unanifukuza mimi."

Nikawaomba radhi, mmoja mmoja. Kosa ni langu. Nilikataa mpiga picha, nikafunga mapazia, na nilipokuwa sielewi sikumwuliza mtu.

Picha moja tu imetoka safi, kwa sababu kidole kilibonyeza nikiwa nje juani. Mariamu ameshika viatu mkononi. Sheikh amepandisha kanzu hadi magotini. Bwana harusi amemwacha mkewe nyuma hatua tatu. Hatukuwa na nyingine ya kumtumia mama yake, tukatuma hiyo. Akapiga simu papo hapo.

"Babu, ndoa imefungwa au imevunjika?"

"Imefungwa, mama, alhamdulillahi."

"Basi mbona mwanangu ndiye anaongoza mbio?"

Anayetaka kucheka acheke kwake, asiandike kwenye kundi hili. Wakwe nao wamo.