Ofisi ya Kuratibu Bahati

Wananchi wa Roma mnatangaziwa kwamba, kwa lengo la kuboresha huduma, kuanzia leo bahati itakuwa chini ya serikali.

Tangazo hilo lilisomwa Uwanja Mkuu asubuhi ya soko, na aliyelisoma ndiye mwenye wazo lenyewe, Mheshimiwa Seneta Publius Sepunius, mtu mfupi mwenye joho refu. Alieleza tatizo kwa uchungu mkubwa. Tangu enzi za mababu, aliyehukumiwa kifo akikutana njiani na kuhani wa Vesta, mungu wa kike wa moto wa jikoni, na kuhani akaapa kwamba wamekutana kwa bahati tu, mtu huyo huachiwa papo hapo. Desturi nzuri, alisema Sepunius, ila inatumika ovyo. Watu wanakutana na makuhani bila kibali, bila taarifa, bila hata kujiandaa.

"Kwa hiyo tumeunda Ofisi ya Kuratibu Bahati. Kila kuhani atapewa ratiba ya njia zake. Mbele yake atatangulia mpiga tarumbeta wa ofisi, ili wafungwa wapitishwe kwingine. Anayetaka kukutana kwa bahati ataomba mapema."

"Na nikikutana naye bila kuomba?" sauti iliuliza kutoka upande wa wauza samaki.

"Basi hujakutana naye."

Maseneta walipiga makofi. Jibu lilionekana limefanyiwa utafiti.

Wenye midomo walinong'ona kwamba mambo yote haya ni kwa ajili ya Volusius, dobi wa kilima cha Aventino, aliyekuwa akisubiri kurushwa kutoka Mwamba wa Tarpeia kwa kosa la kuandika ukutani: "Msimpe Sepunius kura, hata joho si lake." Tena kuhani Titinia, mwanamke mwenye huruma na miguu isiyotulia, alikuwa na tabia ya kuwatokea wafungwa kila kona. Sepunius hakuwajali wanong'onaji. Uchaguzi wa konsuli, mkuu wa serikali, ulikuwa mlangoni, na mtu aliyeiweka bahati mfukoni atashindwaje na kiti?

Alishindwa. Siku ya kura, mpinzani wake Tremellius alipoanza kuongoza, Sepunius alifanya kile ambacho muungwana yeyote wa Roma hufanya kura zikimwendea mrama: aliinua mkono akatangaza amesikia radi. Radi ikisikika uchaguzi huvunjwa, maana Jupita, mungu wa anga, amekataa. Bahati mbaya anga siku hiyo lilikuwa jeupe, halina wingu hata la kusingizia. Tremellius aliapishwa, na kazi yake ya kwanza ofisini ikawa kumshitaki mwenzake kwa kughushi radi.

Hukumu: Mwamba.

Walifungwa kamba moja, seneta na dobi, wakapandishwa mtaa wa wauza soseji huku watu wakiwafuata kama harusi.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Volusius. "Foleni inaanzia nyuma yangu."

"Usinizoee."

"Nikuzoee saa ngapi, mzee? Muda wenyewe umebaki wapi?"

Sepunius alikumbuka Titinia, moyo ukaruka. Halafu akakumbuka ratiba, moyo ukarudi ulikotoka. Aliigonga muhuri yeye mwenyewe: wafungwa wakipita, kuhani asubiri kule chemchemini anakoteka maji mpaka waishe kupita. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Sepunius aliwaombea watumishi wake uvivu.

Wakakata kona, na huyo hapo Titinia, mtungi kichwani. Tarumbeta hakuna.

Mkuu wa askari akasimamisha msafara. "Bibi Kuhani, tuapie. Mmekutana kwa bahati?"

"Ningeapa sasa hivi, mwanangu," alisema Titinia. "Lakini namwogopa Vesta. Ofisi inasema kila hatua yangu imepangwa, na kilichopangwa si bahati. Mwenye ofisi si huyu hapa? Mwulizeni."

"Ulitakiwa kusubiri chemchemini!" Sepunius alifoka, mazoea yakimtangulia.

"Nisubiri vipi? Maji ya Vesta hayawekwi chini, na mtungi huu wa kitako chenye ncha, ukiuweka tu, umelala. Nimesimama nao mpaka shingo ikalia, nikasema bora nikatize huku nifike. Ratiba yako imenikumbuka mimi, mtungi imeusahau."

"Na mpiga tarumbeta?"

"Mpwa wako? Yuko kwa muuza mvinyo tangu wiki ya kwanza. Sauti ya tarumbeta yake siijui."

Mkuu wa askari akamgeukia Sepunius. "Ofisi yako inafanya kazi, haifanyi?"

Sepunius akakohoa. "Ofisi imepiga hatua, ingawa zipo changamoto ndogondogo za utekelezaji."

"Sema, wewe!" Volusius alimpiga kiwiko. "Shingo mbili hizi!"

"Inafanya kazi kwa kiasi," Sepunius alilegea.

"Basi tutakurusha kwa kiasi," alisema mkuu wa askari. Mtaa mzima ukaangua kicheko.

Sepunius aliutazama mwamba. Akafumba macho.

"Haifanyi kazi."

"Wa nyuma hawasikii!" walilalamika wa nyuma.

"Haifanyi kazi! Haijawahi! Hata siku ya uzinduzi haikufanya!"

Titinia akaapa, kwa moyo mweupe kabisa, na kamba ikakatwa.

Kwa kuwa mali za Sepunius zilikuwa zimeshataifishwa, joho likiwemo, Volusius alimpa kazi: kukanyaga nguo za wakubwa ndani ya beseni la mkojo uliochacha, jinsi madobi wote wa Roma wanavyozitakatisha. Alikuwa humo, magoti wazi, siku tarumbeta ilipolia mtaani. Konsuli Tremellius alikuwa anawatangazia wananchi kwamba Ofisi ya Kuratibu Bahati haijafutwa, bali imeimarishwa. Kila kuhani atatanguliwa na tarumbeta na kufuatwa na tarumbeta, na mtungi wenye kitako bapa unafanyiwa upembuzi yakinifu.

"Kamshauri mwenzako," alisema Volusius. "Wewe si mtaalamu?"

Sepunius aliendelea kukanyaga, akisogea taratibu mpaka ukingo wa beseni.

"Mwache aimarishe," alisema. "Mimi namwekea nafasi."