Jinsi Mama Pacha Alivyoipokonya GET Upanga

Sogeeni, enyi mliowahi kubonyeza kitufe mkaambiwa "Imefanikiwa" ilhali hakuna kilichofanikiwa. Watoto walazeni mapajani, niwasimulie vita vilivyopiganwa ghorofa ya pili, baina ya mashine ya kuchapia na ndoo ya kudekia, siku Mama Pacha, binti wa masomo ya jioni, mshika kibodi chenye herufi mbili zilizofutika, alipomkabili Profesa.

Profesa huyo, mkuu wa waandika programu, sultani wa kiti kinachozunguka, ndiye aliyeijenga API ya kliniki ya watoto, lango ambalo kompyuta ya mapokezi huombea na kufutia miadi ya chanjo. Mlangoni pake alibandika neno REST, jina la kanuni za kujenga malango kama hayo kwa adabu, kwa herufi nene, kama mtu aandikaye "Simba" kwenye banda la paka. Nyuma ya bango, anwani zote kumi na nne zilikuwa amri tupu, kama /letaMiadi, /badiliMiadi, /futaMiadi, na hiyo ya mwisho, kwa ushujaa wa asiyejua, aliifanya ifute kwa GET, ombi ambalo duniani kote kazi yake ni kutazama na kuondoka mikono mitupu.

Siku tatu miadi ikapukutika. Akina mama wakafika na watoto migongoni, wakaambiwa hawamo. Meneja wa kliniki akaapa: ikitokea mara ya nne, nesi wa mapokezi afungashe virago.

"Mdogo wangu, sijafuta hata jina moja," nesi alimwambia Mama Pacha kwenye simu. "Mimi naingia saa mbili. Nikifika nakuta yameshaondoka."

Mama Pacha akazifungua kumbukumbu za seva, akamwona muuaji: programu ya doria, kiumbe mpole, ambayo kila saa kumi na mbili asubuhi hupita kwenye kila kiungo cha ukurasa kuona kama ki hai. Ilipofika kwenye viungo vya "Futa" ilivitazama tu, na miadi arobaini ikaanguka.

"Ewe Profesa, mjenzi wa milango inayoua wapigao hodi," alitamka shujaa wetu, "anwani na itaje kitu, kitendo kibebwe na ombi. GET itazame, DELETE iondoe. Na kitu kisipokuwepo, seva iseme 404, yaani 'hakipo', kama mtu mzima, isijibu 200, yaani 'shwari kabisa', huku msiba imeukalia."

"Mama, hapa data zote tunazipanga kwa muundo wa JSON," akajibu Profesa kwa utukufu, macho kwenye chai. "JSON ndiyo REST. Mengine ya vitabuni. Muulize huyo nesi wako anabonyeza nini."

"Saa kumi na mbili nesi alikuwa kwake anapiga mswaki, kaka. Aliyekuwepo ni huyu hapa." Akamwekea karatasi ya kumbukumbu za seva.

Profesa akasoma, akasoma tena, kisha akakumbuka kikao.

Hapo Mama Pacha akaizika /futaMiadi, akasimika /miadi/7, anwani ya miadi namba saba, na wenzake, akageuza kiungo kuwa kitufe kitumacho DELETE, na ndani ya kila jibu akatia viungo vya hatua zinazofuata, mapokezi yasitegemee tena anwani zilizomo kichwani mwa Profesa. Mistari tisa tu ya programu.

Kulipokucha doria ikapita, ikatazama arobaini, ikaacha arobaini. Saa mbili simu ikalia.

"Wamo wote, mdogo wangu. Hata wale pacha wako, saa nne kamili. Na mimi nipo."

Basi vizazi na viandike kwamba siku hiyo GET ilitazama, ikaondoka. Bango la REST liko pale pale mlangoni. Na sasa, kwa anwani moja kati ya kumi na nne, linasema kweli.