Taa ya Tatu ya Mwenyekiti

Jumatatu, 18 Novemba

Nimekwisha. Asubuhi Mwenyekiti Kretzschmar amemwachia mke wangu Roswitha, hapa dukani kwetu, injini yake ndogo ya treni ya mfano, ndani ya kisanduku chenye kikaratasi juu. Sikukisoma. Mwandiko wake ni mdogo kama sisimizi, na injini zote huletwa kutiwa mafuta tu. Nikaitoa. Ikaniponyoka, chini pu! Nikahesabu taa za mbele. Mbili. Zilitakiwa tatu, na mtu huyu ameendesha treni za kweli miaka arobaini. Ijumaa chama chake cha wapenda treni ndogo, watu ishirini na wawili, kinapiga kura: waendelee kununua kwangu au wahamie mtandaoni. Wakihama, nafunga duka. Hapa mjini Zittau hakuna mwingine anayehitaji handaki la plastiki.

Jumanne, 19 Novemba

Nimepekua sakafu kwa magoti. Nimemwaga mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi. Nimepata abiria watatu wa plastiki na mguu wa ng'ombe wa plastiki. Taa hakuna. Roswitha akauliza nafanya nini. Usafi, nikasema. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Alasiri Mwenyekiti akapita kunywa kahawa. Akauliza kama nimeishughulikia ile taa. Kajuaje? Nikamwambia injini inapumzika, mafuta hayajatulia. Akasema miaka arobaini hajasikia jambo hilo. Nikasema ni mafuta mapya.

Jumatano, 20 Novemba

Nimepiga simu kiwandani kwa sauti ya kubana pua, nisijulikane. Taa itachukua wiki tatu. Wakanitaja kwa jina wakati wa kuagana.

Mchana soseji, na haradali ile ya punje nzima. Nikaona punje moja pembeni mwa sahani. Duara. Ukubwa wenyewe. Nikaiosha, nikaipaka rangi ya fedha, nikajaribu kuibandika kwa gundi na kibano. Hiyo na ya pili zikaruka kutoka kwenye kibano, zikapotelea kwenye sweta. Ya tatu ikashika. Mimi ni fundi, nani abishe?

Alhamisi, 21 Novemba

Amekuja kuichukua. Amekuja na lenzi. Akaitazama taa ya tatu muda mrefu, akauliza imetengenezwa kwa kitu gani. Nikasema ni toleo maalumu. Akainusa. Akairudisha kisandukuni, akaondoka. Naogopa, naandika wazi: naogopa sana.

Ijumaa, 22 Novemba

Ukumbi wa chama. Nikakaa karibu na mlango, Roswitha kanishika mkono. Mwenyekiti akasimama na injini yake.

"Jamani," akasema, "Jumapili nilipoteza taa ya injini hii nyumbani kwangu. Nikaandika kwenye kikaratasi: taa moja imepotea, naomba nyingine. Bwana Wendisch, fundi wetu huyu, kanitengenezea kwa punje ya haradali, kwa siku tatu. Huko mtandaoni nani angejisumbua hivyo?"

Kumbe taa ilipotea kabla hata sijaigusa! Watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Mikono ishirini na mmoja ikapanda. Wa ishirini na mbili alikuwa amesinzia. Duka limepona. Roswitha hakucheka. Njiani akaniapisha: kila kikaratasi nisome, na nikiharibu kitu niseme. Nikaapa kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 23 Novemba

Wateja wengi. Nasalimia kila mtu kama waziri. Bibi Lommatzsch ameleta behewa la marehemu mumewe, na kikaratasi. Nilitaka kukisoma, kweli. Ila mkono ulikuwa mzito. Je, kama ni lalamiko? Nikakitia mfukoni kwanza. Nikafungua kisanduku: behewa halina mlango. Nilikuwa nimekitikisa kidogo, kusikia kuna nini. Basi ni mimi.

Roswitha yuko kaunta. Nimemwambia Bibi Lommatzsch kwamba behewa linahitaji kupumzika. Sasa niko jikoni, kikaratasi bado mfukoni, natafuta kitu chembamba, cha kahawia, kiwe mlango. Ganda la kitunguu litafaa.