Kamati ya Kununua au Kupanga Ureno

Gari la matangazo, lile lile linalotangaza chanjo ya mifugo, kukatika kwa maji na mbuzi waliopotea, lilipita Jumatatu asubuhi kutoka Bonga hadi Singe likiwa na habari nzito kuliko zote lilizowahi kubeba.

"Wananchi wa Babati, mnatangaziwa! Mheshimiwa Valence, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Makazi Bora, anastaafu mwezi huu, na anastaafia nje ya nchi! Narudia, nje ya nchi! Kinachosubiriwa ni jambo moja tu: akifika huko anunue nyumba, au apange! Kamati imeshaundwa! Wananchi mnaombwa kuwa watulivu!"

Wananchi wakawa watulivu. Wengi walikuwa watulivu tangu jana yake, maana hawakujua kama kuna tatizo. Mama mmoja sokoni aliuliza kama mbuzi wake naye atatangazwa leo, akaambiwa asubiri, mambo makubwa yana foleni yake.

Valence alilisikiliza tangazo akiwa sebuleni kwake Nakwa, miguu juu ya stuli, akaridhika. Hakuona kiroja chochote. Mtu aliyetumia utumishi wake wote kuamua wenzake wakae wapi, leo aamue peke yake pa kukaa, kama muuza nyanya? Uamuzi usio na kamati, kwa maoni yake, ulikuwa ni uvumi tu.

Nchi aliyoichagua ilikuwa Ureno. Alifika huko mara moja, kwenye semina fupi ya maji taka, na alichokiona hakikumtoka moyoni. Aliona wazee wamekaa nje ya mgahawa, asubuhi ya siku ya kazi, wanakunywa kahawa, na hakuna hata mtu mmoja aliyewafuata. Kule mtu akikusalimia amekusalimia, basi, anapita zake. Huku kwetu shikamoo ni mlango tu. Nyuma yake kuna ada ya shule, bati za kuezekea, jeneza na sherehe ya kipaimara. Valence alirudi Babati amekonda kwa wivu.

"Kule mstaafu anaachwa apumzike," alimwambia mkewe.

"Anaachwa na nani?" aliuliza Wilhelmina, ambaye Nakwa nzima inamwita Mama Noela.

"Na kila mtu!"

"Eh! Maskini wa Mungu," alisema Wilhelmina, akaenda kukamua ng'ombe.

Hapa lazima tuuseme uadilifu wa Valence, wenye wivu wasije wakaupotosha. Nyumba ile ya Nakwa, pamoja na shamba la mbaazi linaloizunguka, aliijenga yeye akiwa kazini, lakini hakuwahi hata siku moja kukiri hadharani kwamba ni yake. Mtumishi wa umma, alisema, hapendezi kuonekana ana mali. Kwa hiyo kila mjumbe alipobisha hodi, iwe ni zamu ya kuchimba mtaro wa bomba, iwe ni kuni za msiba kwa jirani, iwe ni mchango wa mlinzi wa mtaa, Valence alijibu kutoka dirishani kwa unyenyekevu wa hali ya juu: "Mimi hapa mpangaji tu wa Mama Noela. Muulizeni mwenye nyumba." Watu walicheka. Mama Noela alichukua jembe, au kuni, au sufuria, akaenda. Mambo yakaendelea hivyo mpaka mtoto wao Noela akakua, akaolewa Mwanza.

Sasa turudi kwenye kamati. Wajumbe wake wote walitoka ofisini kwa Valence, na wote, kwa bahati tu, walikuwa wameshapiga picha za pasipoti. Katibu alikuwa Melkiadi, mtu wa suti moja na misamiati mingi.

"Mheshimiwa," alisema Melkiadi katika kikao cha kwanza, "kabla hatujasafiri kukutana na wadau wa Ureno, ni vyema tukafanya upembuzi yakinifu wa dhana nzima ya kupanga, kwa kutumia wapangaji wa hapa hapa ndani."

"Hoja nzito," alisema Valence. "Tushuke kwa wananchi."

Wakashuka hadi Singe, na gari la ofisi, wakamkuta Fabiola, muuza sambusa wa stendi, anafua uani kwenye nyumba aliyopanga chumba cha nyuma. Walimzunguka.

"Dada," alianza Melkiadi, "kupanga kukoje, kwa ujumla wake?"

"Kwa ujumla wake?" Fabiola alikamua shati, akalikung'uta. Wajumbe wakarukiwa maji. "Ukitaka kupigilia msumari, unaomba. Ukipata mgeni, unaeleza anaondoka lini. Ukikaanga samaki, mwenye nyumba anakohoa. Kodi unalipa miezi sita kwa mkupuo, na bado anakuita 'yule wa chumba cha nyuma'. Ndiyo hivyo kwa ujumla wake. Mmeleta msaada?"

"Tunakusanya maoni."

"Haya, mmekusanya. Nipisheni hapo kwenye kamba."

Melkiadi alitoa muhtasari ndani ya gari: mdau ameonesha kuridhika kwa wastani. Lakini Valence alikuwa hasikilizi. Ule msumari ulikuwa umemchoma. Yeye, Mratibu Mkuu, asimame mbele ya Mreno, kofia mkononi, aombe ruhusa ya kupigilia msumari! Lahaula! Hapo hapo kupanga kulimtoka rohoni kabisa.

Kikao cha pili kilifanyika sebuleni Nakwa, kikadumu mpaka chapati zilipokwisha. Kamati iliazimia kwa kauli moja kwamba Mheshimiwa anunue. Ili anunue Ureno, iliazimia zaidi, ni lazima auze Nakwa. Wilhelmina aliingia na chupa ya chai wakati azimio linapigiwa makofi.

"Mnauza nyumba ipi?" aliuliza.

"Hii, Mama," alijibu Melkiadi kwa upole. "Ndiyo rasilimali iliyopo."

"Na mimi?"

"Mama, wewe upo kwenye kiambatisho. Mwenza anayeambatana."

Wilhelmina aliiweka chupa mezani. "Baba Noela, hapa ndipo nilipomzika mama yangu, pale nyuma ya migomba. Hapa kila mtu nimemzikia mtu wake. Huko Ureno nitaamka nimsalimie nani? Na wewe siku ukifa, atakuzika nani? Hao wanywa kahawa?"

Hata Melkiadi aliacha kutafuna.

"Suala la mazishi," alisema Valence, "litaingia awamu ya pili."

Wajumbe wakaandika: awamu ya pili.

Wilhelmina aliumia, na tusizunguke kutafuta neno jingine. Alitoka akaenda katikati ya mbaazi zake, akasimama huko akalia, ameshika shina moja kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Marietha, jirani yake wa upande wa magharibi, alimwona, akavuka mpaka bila kuuliza kitu, akasimama naye. Valence aliwatazama kupitia dirishani. Alihitimisha kwamba mkewe anaaga mazingira.

Mnunuzi hakuchelewa kupatikana. Alikuwa Cornel, dalali wa madini aliyehamia mjini kutoka Moshi, mtu wa raba nyeupe na simu mbili. Aliizunguka nyumba, akagonga ukuta, akaangalia paa.

"Mzee, mjengo nimeuelewa," alisema. "Tufunge dili, wewe uende Ureno ukale bata."

"Bata ataingia kwenye bajeti," alisema Valence, ambaye hakuwa mtu wa mitaani.

Likabaki jambo moja dogo, nalo ni Zoezi la Utambuzi wa Mmiliki. Zoezi hili alilibuni Valence mwenyewe, na ndilo lililokuwa fahari ya utumishi wake. Zamani matapeli waliuza viwanja vya watu kama karanga. Unarudi kutoka kumuuguza mzazi, unakuta ukuta wa mwenzako umefika dirishani. Valence akaweka utaratibu: kiwanja hakiuzwi mpaka majirani wa mipaka wasimame, kila mmoja kwenye mpaka wake, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, waseme kwa sauti hapa ni kwa nani. Muuzaji haruhusiwi kufungua mdomo. "Mwenye mali hajisemei, husemewa na majirani," ndivyo alivyofundisha kata kwa kata, na watu waliishika kauli hiyo mpaka watoto waliichezea. Matapeli wakahama mji. Kwa kweli, lilikuwa jambo zuri, tumpe haki yake.

Basi Jumamosi majirani wakafika. Soda zililetwa. Valence alisimama katikati ya shamba amevaa suti, Cornel pembeni yake, wajumbe wa kamati nyuma yao wakiwa na nyuso za watu walioko uwanja wa ndege. Wilhelmina alisimama mbali, karibu na zizi, ameshika kamba ya ng'ombe. Hakumtazama mtu.

Mwenyekiti wa mtaa, Clemence, alikohoa kidogo. "Jirani wa mashariki!"

Akasogea Mzee Marcelino, mkulima aliyeshuka siku nyingi kutoka Mbulu, buti za mpira miguuni, kofia kaishika kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwa Mama Noela."

"Mama Noela na nani?"

"Mama Noela. Mtaro wa bomba nilichimba naye, alikuwa mbele yangu. Mke wangu alipofariki, kuni alileta huyu, na maji alichota huyu."

"Na huyu mzee mwenye suti, unamfahamu?"

Marcelino alimtazama Valence kwa heshima yote. "Namfahamu. Ni mpangaji wake. Mtu mzuri tu, hana kelele."

Valence alifungua mdomo. Clemence akainua kidole. "Mheshimiwa, mwenye mali hajisemei."

"Lakini mimi ndiye..."

"Na asiye na mali ndiyo kabisa. Jirani wa magharibi!"

"Kwa Mama Noela," alisema Marietha, kabla hajaulizwa. "Huyu baba alitwambia mwenyewe, kutoka dirishani pale. Tena si mara moja. Mtu mzima mwenye cheo chake hawezi kudanganya jambo kama hilo, jamani." Alisema bila kucheka, ila pindo la kanga lilikuwa mdomoni.

Jirani wa kaskazini akasema kwa Mama Noela. Wa kusini akasema kwa Mama Noela, akaongeza kwamba yeye alikuwa hajui kama mpangaji bado yupo.

Mdomo huponza kichwa, wahenga hawakukosea. Valence alilowa jasho ndani ya suti. Alitafuta kichwani mtaro mmoja tu aliowahi kuchimba na watu hawa, kaburi moja alilorushia udongo, harusi moja aliyobeba kiti. Hakupata. Aligeuka kutafuta wa kumtetea, na aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Cornel, ambaye tayari alikuwa anaangalia simu. Hapo ndipo Mratibu Mkuu alipoogopa kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Kumbe bosi ni yule pale," alisema Cornel, akavuka shamba mpaka zizini. "Shikamoo, mama. Unauza?"

"Marahaba, mwanangu. Siuzi."

"Poa, mama. Hapo umemaliza." Akachukua soda ya njiani, akaondoka zake.

Wilhelmina aliachia kamba. Ng'ombe akaingia kwenye mbaazi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemfukuza.

Kamati haiwezi kuachwa bila hitimisho. Melkiadi alimeza mate, na Ureno yote ikapita kooni pamoja nayo, akasimama mbele ya watu. "Kwa kuwa imethibitika kwamba Mheshimiwa hajawahi kumiliki popote, na kwa kuwa ni mpangaji mzoefu, asiye na kelele, Kamati inapendekeza aendelee kupanga. Mahali: Nakwa." Makofi yalipigwa. Marietha alipiga zaidi.

Valence alitembea mpaka zizini. Suti ilikuwa imemkaa vibaya.

"Mama Noela," alisema kwa sauti ya chini. "Utanipangisha?"

Wilhelmina alimtazama. Hasira ya miaka yote ilikuwa usoni, na huruma nayo ilikuwepo, hazikujificha.

"Nitaunda kamati," alisema.

Kamati yake ilikuwa yeye na Marietha. Ilikaa uani ikipepeta mbaazi, haikwenda popote kukusanya maoni, na uamuzi ulitoka kabla mbaazi hazijaisha: akae chumba cha nyuma, kwa kuanzia.

Mvua zilipokaribia, mjumbe wa mtaa alibisha hodi tena. Mtaro umejaa mchanga, kila nyumba itoe mtu. Dirisha lilifunguka, akaonekana Wilhelmina ameketi, miguu juu ya stuli.

"Mimi hapa mwenye nyumba tu," alisema. "Muulizeni mpangaji."

Valence alifika mtaroni na jembe jipya, lebo ya dukani bado imebandikwa kwenye mpini. Watu walimpisha nafasi karibu na Marcelino. Alichimba kidogo, akapumua sana, akaegemea jembe.

"Shikamoo, Mzee Marcelino."

"Marahaba," alijibu Marcelino, akasubiri, maana huku kwetu anajua kila mtu kwamba shikamoo haiji peke yake.

"Mzee wangu, ukikutana na mwenye nyumba," alisema Valence, akitazama chini, "naomba uniombee. Nataka kupigilia msumari mmoja tu, wa kutundikia suti."

Marcelino aliutazama mtaro, ulikofika na unakokwenda.

"Chimba kwanza," alisema.