Televisheni Iliyolazwa Ikiwa Nzima

Dokta Skrini hakuwa daktari, ila alikuwa na koti jeupe na kitambaa kikavu, na wengi hawadai zaidi ya hapo. Kwake alikuwa na televisheni moja, kitu pekee alichowahi kununua kihalali. Aliifuta asubuhi na jioni, akiisubiri fainali ya Jumapili, maana timu yake haikuwa imecheza fainali tangu azaliwe.

Mchana mmoja, dirishani kwa nesi mstaafu aitwaye Mama Wodi, aliona televisheni pana imebanwa ukutani, na rafuni juu yake chombo cha maua. Mate yakamjaa.

"Hodi, mama. Televisheni yako inateseka."

"Karibu, mwanangu. Anayeitesa nani?"

"Samahani, ni wewe. Iachie nafasi nyuma ipumue. Ondoa maua, maji yatamwagika. Umeme ukikatika, chomoa waya. Na kila dakika arobaini na tano, izime ipumzike."

Ushauri ulikuwa mzuri, tena wa bure, isipokuwa hilo la mwisho, alilolitunga papo hapo ili asikike msomi. Akaongeza kwamba vumbi la ndani hutolewa kliniki tu, kwa siku tatu. Kliniki yenyewe ilikuwa duka la fundi anayenunua vitu bila kuuliza vimetoka wapi.

Mama Wodi akatoa daftari kubwa. "Miaka thelathini sijalaza mgonjwa bila kumwandikisha. Anaingia na hali gani?"

"Mzima kabisa, mama. Uchovu tu."

"Basi andika mwenyewe, utie sahihi."

Akaandika kwa mbwembwe. Shemeji yake Mama Wodi, aliyekuwa akinywa chai akiwa amevaa fulana tu, akashuhudia, akampiga daktari picha kwa simu, eti ya kumbukumbu.

Fundi alipoifungua alicheka mpaka akakaa chini. "Hii ilikufa mwezi uliopita. Imejaa maji ya maua."

Siku ya nne shemeji alibisha mlangoni kwa Dokta. Safari hii alivaa sare ya polisi. Dokta akajikuta tena mbele ya daftari la Mama Wodi, maiti ya televisheni mikononi.

"Mama, hii ilishakufa!"

"Imeandikwa mzima. Mwandiko wako huo."

"Kumbe ulijua?"

"Mimi ni nesi, mwanangu. Maiti naijua."

Shemeji akampa achague: mahabusu, au mgonjwa mwingine mzima. Jumamosi Dokta akaileta televisheni yake mwenyewe, akaiweka mbali na ukuta kama alivyofundisha. Roho ilimuuma vibaya.

Jumapili alasiri alisimama nje ya dirisha la Mama Wodi, akitazama fainali kwa hisani. Timu yake ilikuwa nyuma kwa bao moja. Kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni, ikapata penalti. Mpigaji akaweka mpira, akarudi nyuma hatua tatu.

Mama Wodi akatazama saa ya ukutani, akaizima televisheni.

"Mama, penalti!"

"Dakika arobaini na tano, daktari," alisema, akichukua kitambaa kikavu. "Iache ipumzike."