Kizimamoto cha Treni ya Bati

Alhamisi, 10 Julai

Mgongo umekufa. Matofali mia nne leo, tanuri la Kwizera, hapa Nyamiaga, Ngara. Kwetu Shinyanga wanadhani niko ofisini.

Habari nzuri lakini. Sista Koleta, mkuu wa karakana ya parokia, anatafuta fundi msaidizi mmoja. Jumapili kila mwombaji alete kichwa kidogo cha treni alichotengeneza mwenyewe, cha kufundishia watoto usalama wa reli. Watoto wa hapa hawajawahi kuona treni. Mimi nimebeba mataruma ya reli miaka miwili. Kazi ni yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Changu ni cha bati la kopo la mafuta. Vishikio vya waya pande zote. Breki ya mkono ya msumari. Kabari chini ya magurudumu.

Gidioni, tunayebeba naye matofali, amechonga chake kwa mti. Hakina hata ngazi. Nikamuuliza dereva anapandaje. Akasema dereva wake ni Mhangaza, mtu wa hapa, anaruka. Wanaohitaji ngazi ni Wasukuma, wamezoea kupanda ng'ombe. Nimeshtuka. Mtu mzima kabisa, ana watoto.

Jumamosi, 12 Julai

Kimebaki kizimamoto. Kile cha kambi ya reli kilitoa povu. Nimepata kichupa cha chanjo ya ng'ombe, nikakipaka rangi nyekundu. Maji ya sabuni yakalala humo kama mgonjwa. Lakini Mama Ernesta, mwenye nyumba wangu, ana rubisi ya tangu jana, pombe ya ndizi, inatoa povu yenyewe. Nikajaza. Nikakaza kizibo cha mpira.

Akaniuliza nani kanifundisha kuziba rubisi mbichi. Hapa Ngara hata mtoto anajua: inafunikwa majani ya mgomba, ipumue. Nikamwambia mama, treni haifungwi majani.

Jumapili, 13 Julai



Misa ilikuwa ndefu. Kichwa changu kilikaa mezani, juani, saa mbili nzima. Sista akainama. Akasifu vishikio. Akasifu breki. Akauliza hiki chekundu ni nini. Nikasema kizimamoto, Sista, na kinafanya kazi.

Kikalipuka, paa! Kizibo kikapita karibu na sikio la Sista, kikamgonga katekista Protasi shavuni. Watu wakalala chini. Rubisi yote ikatua kwenye shela nyeupe ya Sista. Padre akaja, akanusa, akamtazama Sista muda mrefu.

Mama Ernesta akatangaza kwamba yeye alishasema ipumue.

Sista akajifuta taratibu. Akasema mkono wangu ni mzuri kuliko wa Gidioni. Nirudi kesho saa nne, kizimamoto kiwe kitupu. Kisipokuwa kitupu, kazi ni ya Gidioni. Sikuamini masikio yangu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeomba ruhusa tanurini. Nimefikiri sana. Kizimamoto kitupu ni kuwadanganya watoto. Sista hajui mambo ya reli, alishtuka tu. Kosa lilikuwa kizibo, kilikuwa legelege.

Nimejaza rubisi upya. Kizibo nimekifunga kwa waya, mizunguko sita. Sasa hakitoki hata kikivutwa na ng'ombe wawili.

Saa tatu na nusu. Naondoka. Kizimamoto nimekitia mfukoni mwa shati, kisidondoke njiani. Kimeshaanza kupata joto.